Safuwima F

Bwana Zurabi anataka jedwali lienee katika ukurasa mmoja
kabla ya Ijumaa, benki ya Batumi isije ikasema
sisi wa Keda hatujui kupanga hesabu zetu za asali.
Basi nimekaa. Theluji inachuruzika mabatini,
heta ya mafuta inanuka,
kipanya kina baridi kama samaki.

Jedwali nimelirithi kwa marehemu Otari.
Alilianza mwaka ule mtandao ulipofika bondeni,
akalipanga kama mtu apangaye kuni:
kila kitu kipo, ila usivute gogo la chini.

Naanza na A, majina.
Safuwima nyembamba, imewakata watu shingo:
Tsetskhladze amebaki Tsetskh,
mama Khimshiashvili ni Khimshi tu, kama chafya.
Naweka kishale mpakani, kinageuka mishale miwili
iliyopeana visogo. Nabonyeza mara mbili,
ukoo mzima unajinyoosha kama aliyeamka.

B, vijiji: Merisi, Zvare, Makhuntseti.
C, mizinga. Tarakimu mbili, naibana.
D, kilo.
E, malipo, ndiyo iliyonitia hofu asubuhi:
##### ##### #####
uzio juu ya uzio.
Nilidhani fedha za watu zimeliwa.
Kumbe zipo, nafasi tu haikutosha;
na tarakimu si kama majina, hazikubali kukatwa,
heri zijifiche zote kuliko kuonyesha nusu.

Safumlalo ya kumi na tisa, Otari mwenyewe:
mizinga arobaini, kilo kumi na moja.
Arobaini! Kijijini walimcheka,
eti nyuki wake wanakula wanachokipika.
Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe,
mdomo umejaa mkate wake wa mahindi.

Kisha nikaona herufi za juu.
A, B, C, D, E, G.
Nikahesabu tena kwa kidole juu ya kioo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Baina ya E na G mstari umenenepa
unene wa unywele. Nikaupasua.

F.
Haina kichwa. Maneno marefu, mstari mmoja mmoja;
nikayaamuru yajikunje ndani ya seli,
safumlalo zikaumuka kama unga wenye hamira:

*Mvua ya Mei. Hakupata kitu. Nimemwandikia sita zangu.*
*Dubu. Mizinga mitano. Nne zangu.*
*Mume yuko Uturuki, haleti. Tatu zangu, asijue.*
*Anasema nyuki wamekufa. Si kweli, ameuza. Mbili zangu, ana watoto.*

Nikajumlisha. Sikutumia fomula, nilitaka penseli.
Nikapata kilo za mtu mwenye mizinga arobaini.

Sasa F imezisukuma sahihi hadi karatasi ya pili.
Zurabi anachungulia mlangoni: "Imeenea?"
"Bado."
Nabana B. Napunguza herufi. Nalaza karatasi ubavu.
Bado.
Na benki, hata ingeenea, haisomi habari za dubu.

Mama Khimshiashvili alikuja Oktoba, baada ya mazishi,
na ndoo tupu na kicheko cha kujihami.
Kwenye D ana sifuri. Kwenye F hana neno,
aliyekuwa akiandika alikuwa ameshalala.
Nikaitazama sifuri ile muda mrefu.
Nikaandika mbili.
Nikashuka hadi safumlalo ya ishirini na tatu, ya kwangu;
tisa ikawa saba. Jumla ya chini haikutikisika.

Ndipo nikaificha F, E ikagusana na G,
printa ikakohoa, ikatema ukurasa mmoja safi.
Zurabi akaupuliza kama chai, akashuka nao kwa kidole
mpaka karibu na mwisho, akasimama.
"Nazibrola," akasema, "hata nyuki wako ni wavivu?"

Nikamwambia ni baridi.